SAFARI YA MJUZI WA MAWE

1. Senta ya Iga Barrière

Kaskazini ya mji wa Bunia, karibu kilomita 25, kuna senta ya Iga Barrière. Iko katika teritwari ya Djugu, jimbo la Ituri. Neno «barrière» ni la Kifaransa. Maana yake ni kizuizi cha njiani. Hapo barabara hugawanyika. Moja huelekea Mahagi, penye mpaka wa Uganda. Nyingine huelekea Mongbwalu, penye machimbo ya dhahabu. Malori hupita na magunia ya maharagwe, mihogo na viazi, pamoja na mbao na mapipa ya mafuta. Pikipiki hupita na abiria wawili, pengine watatu.

Watoto wa Iga wanaujua vizuri udongo wa kwao. Wakati wa kiangazi huwa vumbi jekundu juu ya majani ya migomba. Wakati wa mvua huwa tope, na miguu ya wanafunzi huingia darasani ikiwa myekundu kama matofali. Lakini ni wangapi wamekwisha kuuliza: Udongo huu ni mwekundu kwa sababu gani? Na chini yake kuna nini?

Yupo mtu ambaye kazi yake ni kuuliza maswali hayo. Ni mjuzi wa mawe. Katika shule kubwa huitwa mwanajiolojia. Mjuzi wa somo hili hatajwi jina, kwa maana yeye ni mfano wa wengi. Wengine walitoka Ulaya zamani. Wengine ni Wakongo waliosoma Lubumbashi, Kinshasa na mahali pengine. Basi, na tumfuate katika safari moja, kutoka ukingo wa Ziwa Albert mpaka kaskazini ya mbali, karibu na Sudan Kusini.

2. Vyombo vyake

Vyombo vya mjuzi wa mawe ni vichache. Ana nyundo ya kuvunjia mawe. Ana dira ya kumwonyesha kaskazini. Ana kioo kidogo cha kukuza, amekifunga kwa kamba shingoni. Ana karai la kuoshea mchanga. Ana ramani, kalamu na daftari. Siku hizi huchukua pia chombo kidogo chenye kupokea habari kutoka setilaiti, ambacho humwambia mahali aliposimama.

Chombo kikubwa kuliko vyote ni macho yake. Mkulima akitazama kilima huona mahali pazuri pa kupanda viazi. Mchungaji huona majani ya ng’ombe. Mjuzi wa mawe huuliza: Kilima hiki kilifanywa na nini? Kwa nini kimesimama hapa, na bonde liko pale?

Tazameni udongo mwekundu. Ndani yake mna chuma. Jembe likiachwa nje katika mvua huota kutu, na kutu ni nyekundu. Vivyo hivyo, mvua na jua viliozesha mawe ya nchi hii kwa muda mrefu sana. Maji yalichukua vitu vyepesi, na chuma kikabaki, kikaota kutu. Kwa hiyo udongo wa Iga ni mawe yaliyooza. Anayetaka kuyaona mawe yenyewe hana budi kwenda mahali ambapo udongo umeondolewa: kitandani mwa mto, kandokando ya barabara iliyochimbwa, au juu ya kilele cha kilima. Ndiyo sababu mjuzi wa mawe hapendi njia ya tambarare. Yeye hufuata vijito na kupanda vilima.

3. Ukingo wa nchi

Kabla ya kwenda kaskazini, mjuzi wetu alikwenda kwanza Bogoro, upande wa kusini-mashariki ya Bunia. Alitaka kuona mahali ambapo nchi ya juu inakatika.

Alifika asubuhi. Nyuma yake palikuwa na vilima vya majani, na ng’ombe wakilisha. Mbele yake nchi ilianguka ghafula. Barabara ya Kasenyi ilishuka kwa kona nyingi. Chini kabisa palikuwa na uwanda wenye joto, na ng’ambo ya uwanda Ziwa Albert lilimetameta kama bati jipya. Mbali zaidi, ng’ambo ya ziwa, alionekana ukuta mwingine wa milima, wenye rangi ya buluu. Ule ulikuwa Uganda.

Uso wa ziwa uko mita 619 juu ya bahari. Bunia iko juu zaidi yake kwa mita 600 na kitu. Nani aliyechimba shimo kubwa namna hii?

Hakuna aliyelichimba. Ardhi yenyewe ilipasuka. Katika Afrika ya Mashariki nchi inavutwa pande mbili, polepole sana, milimita chache tu kwa mwaka. Ilipopasuka, kipande cha katikati kilishuka, na kingo zikabaki juu. Hili ndilo Bonde la Ufa. Tawi lake moja hupita Kenya na Tanzania. Tawi la pili ndilo hili letu, lenye maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika.

Tena kuna jambo la kushangaza. Ziwa Albert ni pana na refu, lakini kina chake cha maji hakizidi mita 60. Shimo lenyewe lina kina kikubwa zaidi kupita hapo. Mito imelijaza mchanga na matope kwa mamilioni ya miaka, hata tabaka hizo zimekuwa na unene wa kilomita kadhaa. Maji tunayoyaona ni kama mchuzi mdogo juu ya sahani iliyojaa ugali.

Ardhi hiyo haijalala bado. Mwezi wa Machi mwaka 1966 tetemeko kubwa lilipiga pande za Semliki na Toro. Nyumba nyingi zilianguka na watu wengi wakafa. Mjuzi aliandika katika daftari: «Ufa bado unafunguka.»

4. Tone mbili za mvua

Siku ya pili alirudi Bunia, akashika njia ya Iga. Mawingu meusi yalikuja kutoka msituni, na mvua ikanyesha juu ya vilima. Mjuzi alikaa ndani ya gari akitazama maji yanavyokimbia.

Watoto, wazieni tone mbili za mvua zinazoanguka pamoja juu ya mgongo wa nchi hii. Moja imeanguka upande wa mashariki wa kilele. Ya pili imeanguka upande wa magharibi, hatua chache tu kutoka kwa mwenzake.

Tone ya mashariki hushuka kwa kijito, ikatelemka ukingo wa Bonde la Ufa, ikaingia Ziwa Albert. Kutoka ziwani huchukuliwa na mto Nili. Hupita Uganda, Sudan Kusini, Sudan na Misri, ikafika Bahari ya Kati.

Tone ya magharibi huingia mto Shari, na Shari huingia mto Ituri. Ituri hupita katika msitu mkubwa wa Wambuti na wa okapi, kisha hubadili jina, huitwa Aruwimi. Penye Basoko huingia mto Kongo. Mwisho hufika bahari ya Atlantiki, penye Banana.

Basi, hatua chache juu ya kilima zilitosha kuzitenga tone hizo, moja kwenda Misri na nyingine kwenda Atlantiki. Mahali panapogawa maji namna hii huitwa mgongo wa maji. Watu wengi wa Djugu na Mahagi hulima mashamba yao juu ya mgongo huo wala hawajui.

5. Jinsi dhahabu ilivyofika mtoni

Kutoka Iga mjuzi alishika njia ya Mongbwalu. Mji huo uko karibu kilomita 80 kutoka Bunia. Polepole majani yaliachana na miti, vilima vikawa vingi, mabonde yakawa membamba na yenye kivuli. Msitu ulikuwa umekaribia.

Penye kijito kimoja alisimama, akavunja jiwe kwa nyundo. Ndani lilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia. Akalitazama kwa kioo, akatabasamu. Mawe ya kijani namna hii ni ya zamani kupita akili zetu. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 2,500. Mengi yake yalikuwa kwanza moto wa volkeno, uliomwagika chini ya bahari ya kale. Baadaye yalifunikwa, yakabanwa, yakapashwa joto, hata yakageuka.

Na tufanye hesabu. Tuseme kuna kitabu ambacho kila ukurasa wake ni miaka milioni 1. Mawe ya kijani ya Kilo yangeandikwa ukurasa wa kwanza, na kitabu kingekuwa na kurasa zaidi ya 2,500. Ufa wa Ziwa Albert ungeandikwa katika kurasa chache tu za mwisho. Na habari zote za wanadamu, tangu watu wa kwanza wenye mwili kama wetu mpaka leo, zisingefika nusu ya ukurasa ule wa mwisho.

Dhahabu iliingiaje katika mawe haya? Chini sana ardhini mna maji ya moto. Maji hayo yalipenya katika nyufa za mawe, yakibeba dhahabu iliyoyeyuka pamoja na vitu vingine. Yalipopoa, yaliacha mzigo wake ndani ya ufa. Ndiyo sababu dhahabu mara nyingi hukaa ndani ya mshipa wa jiwe jeupe, gumu, linalong’aa kama sukari. Jiwe hilo huitwa kwatsi.

Kisha mvua ilifanya kazi yake. Mawe yalioza, mishipa ikavunjika, chembe za dhahabu zikachukuliwa na vijito. Lakini dhahabu ni nzito mno. Chupa ya lita moja ikijazwa maji, maji hayo yana uzito wa kilo 1. Kama ingejazwa dhahabu tupu, ingekuwa na uzito wa kilo 19 na zaidi. Kwa hiyo maji yakipunguza mbio, dhahabu huzama upesi. Hukaa chini kabisa, pamoja na changarawe, juu ya mwamba.

Mwosha dhahabu hufuata njia ile ile ya mto. Huweka changarawe katika karai, hutia maji, hulizungusha. Vitu vyepesi humwagika, vizito hubaki. Anayetikisa karai ni kama mto mdogo mikononi mwa mtu.

6. Habari za Kilo na Moto

Mwaka 1903 watu wawili kutoka Australia, Hannan na O’Brien, walikuwa wakitafuta madini katika nchi hii. Walipata dhahabu katika kijito cha Agola, pande za Kilo. Mwaka 1905 kazi ya kuchimba ilianza. Baadaye dhahabu nyingine ilichimbwa mbali zaidi kaskazini, pande za Moto, karibu na Watsa. Ndipo jina la Kilo-Moto lilipotokea. Mwaka 1926 iliundwa kompanyi iliyoitwa Sokimo. Mwaka 1966 ikawa shirika la serikali lenye jina la Okimo, na baadaye likarudia jina la Sokimo.

Kazi ile ilibadilisha nchi. Barabara zilikatwa. Nyumba za wafanyakazi zilijengwa Nizi, Bambu na Mongbwalu. Penye Budana, nguvu za mto Shari zilifungwa ili zitoe umeme wa mitambo.

Lakini tusisahau mikono iliyofanya hayo. Katika miaka ya kwanza wengi hawakuja kwa mapenzi yao. Machifu waliamriwa kutoa vijana wa kazi, na wengine walitolewa kwa nguvu. Walibeba mizigo, walichimba, walikaa mbali na mashamba yao. Na katika vita vya mwaka 1999 mpaka 2003 watu walipigana kwa ajili ya Mongbwalu, na dhahabu ilikuwa sababu moja kati ya sababu zake. Mlima hauna kosa. Kosa huanza pale mtu anapoiona dhahabu kuwa na thamani kuliko jirani yake.

7. Shimo la kando ya kijito

Mchana mmoja mjuzi alifika penye machimbo ya mikono. Wanaume kama ishirini walikuwa ndani ya shimo refu, kina chake kama urefu wa nyumba mbili. Walichimba kwa sululu na chepe, wakapandisha udongo kwa mifuko. Mvulana mmoja alikuwa akibeba mfuko kichwani. Umri wake ulipata miaka kumi na mitatu.

Mjuzi alimwendea mkubwa wa shimo, akamsalimu.

—Jambo, Mzee. Pole na kazi.

—Jambo sana, Bwana. Karibu. Unatafuta dhahabu yetu?

—Hapana, Mzee. Nasoma mawe tu. Naomba ruhusa nitazame ukuta wa shimo lenu.

—Tazama. Macho hayamalizi dhahabu.

Watu wakacheka. Mvulana akaweka mfuko chini, akatoa jiwe dogo mfukoni. Lilimetameta kwa manjano.

—Bwana, hii si dhahabu?

Mjuzi hakujibu. Aliweka jiwe juu ya mwamba, akampa mvulana nyundo.

—Piga, mwanangu.

Mvulana akapiga. Jiwe likasagika, likawa unga mweusi.

—Dhahabu ya kweli ni laini, alisema mjuzi. Ukiipiga haivunjiki, hutandazika kama unga wa chapati. Hili ni jiwe la chuma na kiberiti. Limewadanganya watu wengi wazima.

Kisha akazunguka ukingo wa shimo. Ghafula akasimama. Nyuma ya ukingo, kama hatua mbili, palikuwa na ufa mwembamba katika majani. Ulikuwa unazunguka kama upinde. Akaingiza kijiti, kikazama chote. Akamwita yule mzee.

—Mzee, ufa huu mliuona lini?

—Haukuwapo juzi.

—Jana mvua ilinyesha. Maji yameingia humu. Udongo wote ulio kati ya ufa na shimo hauna kitu cha kuushika tena. Waambie watu watoke.

Mzee alinyamaza. Kutoka nje ni kupoteza kazi ya siku nzima, na changarawe njema ilikuwa imekaribia. Chini, watu waliendelea kuimba na kuchimba. Mzee alitazama ufa, akatazama mbingu, akamtazama mvulana. Halafu akapiga kelele:

—Tokeni wote! Acheni vyombo! Tokeni!

Wengine walinung’unika. Mmoja alisema kuwa mgeni anataka kuwaibia shimo. Lakini neno la mzee ni neno, walipanda. Usiku mvua ilinyesha tena. Asubuhi ukingo wote ulikuwa umeanguka ndani. Sululu tano na chepe sita zilikuwa zimezikwa. Mtu hakuzikwa hata mmoja.

Si kila shimo lina bahati hiyo. Katika Ituri mashimo yamewafunika watu wengi, kwa sababu yalichimbwa wima, bila ngazi pembeni, na udongo uliotolewa ukarundikwa penye ukingo, ukauongezea uzito. Tena kuna hatari nyingine isiyo na kelele. Wachimbaji wengi hutumia zebaki kukamata chembe ndogo za dhahabu. Wakichoma zebaki hiyo, moshi wake huingia mwilini. Hauna rangi wala harufu, lakini huharibu ubongo na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama. Zebaki inayomwagwa mtoni huingia katika samaki, na samaki huingia chunguni.

Sheria ya madini ya Kongo, ya mwaka 2002, yataka mchimbaji wa mikono awe mtu mzima mwenye kadi. Mtoto hana mahali katika shimo. Yule mzee aliijua sheria hiyo. Jioni ile alimwuliza mvulana:

—Shule yenu inafunguliwa lini?

—Ilikwisha kufunguliwa, Mzee. Mama hana pesa ya daftari.

Mzee akafungua kitambaa chake, akatoa noti chache, akazihesabu mara mbili.

—Chukua. Shimo limekwisha kuanguka. Hakuna mfuko wa kubeba kesho.

8. Kaskazini ya mbali

Mjuzi aliendelea na safari mpaka Watsa, katika jimbo la Haut-Uele. Njia ilikuwa ya udongo, yenye mashimo na madaraja ya miti. Mara alilala garini, mara katika nyumba ya wageni ya misheni. Kila jioni aliandika.

Aliona kwamba kati ya Kilo na Moto mawe hubadilika. Penye vilima vya duara, vyenye mgongo wa jiwe tupu kama tembo aliyelala, mwamba ni itale, jiwe gumu lenye punje nyeupe na nyeusi. Halafu karibu na Watsa na Durba aliyakuta tena mawe ya kijani ya zamani, ndugu wa yale ya Kilo.

Penye Durba kuna mgodi mkubwa uitwao Kibali. Dhahabu yake ya kwanza ilimiminwa mwezi wa Septemba mwaka 2013. Ni mmoja wa migodi mikubwa ya dhahabu katika Afrika. Huko watu hawachimbi kwa kukisia. Kabla ya mtambo kuingia, wajuzi wa mawe walitoboa ardhi kwa mashine, wakatoa vipande virefu vya mwamba, vya duara kama muwa. Wakavipanga katika masanduku, wakavisoma kimoja kimoja, wakachora ramani ya mambo yaliyo chini ambayo hakuna jicho lililoyaona. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Kwanza walisoma, baadaye walichimba.

Mgodi huo umepewa jina la mto Kibali. Mto huo hutoka katika nchi ya juu iliyo magharibi ya Ziwa Albert. Penye mji wa Dungu hukutana na mto Dungu, na hiyo miwili huwa mto Uele. Uele ukikutana na Mbomu huwa Ubangi, na Ubangi huingia Kongo. Mjuzi alikumbuka zile tone mbili za mvua. Kumbe iko na njia ya tatu!

Mwisho alifika ukingo wa mbuga ya Garamba, iliyowekwa kuwa hifadhi mwaka 1938. Alipanda juu ya kilima kidogo cha itale. Kusini aliona mstari mweusi wa miti kandokando ya mto. Kaskazini hapakuwa na mlima wala nyumba, ila majani marefu kupita mtu, yakiinama kwa upepo kama maji. Ndovu walikuwa wakipita mbali, wakubwa mbele na watoto katikati. Faru weupe wa asili ya huko wamekwisha kuuawa wote na majangili. Mwaka 2023 faru weupe wengine, 16, waliletwa kutoka Afrika Kusini.

Mjuzi alikaa juu ya jiwe mpaka jua likatua. Nchi hii ya tambarare, aliwaza, ilikuwa na milima zamani. Mvua imeisaga, chembe kwa chembe. Na vilima vya itale ni mifupa iliyobaki.

9. Ramani

Aliporudi Bunia, daftari lilikuwa limejaa, na gunia la mawe lilikuwa zito. Kila jiwe lilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na mahali pake katika daftari. Alikaa mezani wiki nyingi, akachora ramani: rangi ya kijani kwa mawe ya kijani, rangi ya waridi kwa itale, rangi ya manjano kwa mchanga wa ziwa.

Ramani ya namna hiyo haiwafai watafuta dhahabu peke yao. Mwenye kujenga daraja huuliza mwamba uko wapi. Mwenye kuchimba kisima huuliza maji yako wapi. Mwenye kujenga shule huuliza ni mlima gani unaoweza kuporomoka. Wote hao hujibiwa na mtu aliyetembea kwa miguu, akatazama, akaandika kweli yale aliyoyaona.

Mwanafunzi wa Iga Barrière anaweza kuanza leo. Akienda mtoni kuchota maji, na achukue mawe matatu yasiyofanana. Ayaoshe, ayapime kwa mkono lipi zito, atazame rangi na punje zake, aandike mahali alipoyaokota. Lakini asiingie katika shimo wala asisimame ukingoni mwake.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kwatsi: jiwe jeupe gumu, ambalo mara nyingine lina dhahabu.
Itale: jiwe gumu lenye punje nyeupe na nyeusi.
Changarawe: mawe madogo madogo ya mtoni.
Mgongo wa maji: nchi ya juu inayogawa maji ya mvua pande mbalimbali.
Zebaki: madini ya majimaji, yenye sumu.
Majangili: watu wanaoua wanyama wa hifadhi kwa siri.

MASWALI

1. Kwa nini udongo wa Iga ni mwekundu?
2. Mjuzi wa mawe hutazama wapi ili aone mwamba wenyewe?
3. Ziwa Albert lilipataje shimo lake? Na kwa nini maji yake hayana kina kikubwa?
4. Andika majina ya mito ambayo tone ya magharibi hupita mpaka kufika baharini.
5. Kwa nini dhahabu hukaa chini ya changarawe?
6. Mtu atajuaje kama jiwe la manjano ni dhahabu ama sivyo?
7. Mjuzi aliona alama gani ya hatari penye shimo? Eleza maana yake.
8. Mzee alipoteza nini alipowaita watu watoke? Aliokoa nini?
9. Linganisha kazi ya shimo la kando ya kijito na kazi ya mgodi wa Kibali.
10. Chora ramani ndogo ya kijiji chenu. Onyesha vilima, vijito, na upande ambao maji ya mvua hukimbilia.